Taa za kuongozea magari: mradi ukisemwa umekamilika, nini hasa kimekamilika?

Kirikuu iliyopakia mananasi Kisarawe saa kumi alfajiri hushuka milima ya Pugu upesi. Shida huanza mbele, baada ya Gongo la Mboto, pale Barabara ya Nyerere inapokusanya magari ya upande mzima wa kusini magharibi mwa Dar es Salaam na kuyapeleka TAZARA. Anayetoka Kibaha naye ana yake. Kutoka Maili Moja hadi Kimara barabara ni pana na mwendo ni mzuri, kisha jiji linaanza na anajiunga na foleni ya kwenda Ubungo, Mabibo au Kariakoo. Nanasi lililoiva halisubiri. Likichelewa sokoni, mnunuzi wa jumla ameshajaza gari lake, na bei ya saa tatu asubuhi si ile ya saa kumi na mbili.

Ndiyo maana habari za taa za kuongozea magari mjini zinatuhusu hata sisi tunaoishi ambako hakuna taa hata moja. Kila mradi wa aina hiyo unapotangazwa, na hasa unaposemwa umekamilika, msikilizaji ana haki ya kuuliza: kilichokamilika ni nguzo, au ni kazi ambayo nguzo hizo ziliwekwa kuifanya?

Tuanze na kilichojengwa

Kwa miaka mingi jibu la serikali kwa foleni za Dar es Salaam limekuwa kupanua barabara na kupitisha magari juu kwa juu. Daraja la Mfugale pale TAZARA lilifunguliwa Septemba 2018, likapewa jina la mhandisi Patrick Mfugale aliyekuwa akiongoza TANROADS. Makutano ya Ubungo yenye ngazi tatu yalifunguliwa Februari 2021 na yanaitwa Daraja la Kijazi, kwa kumkumbuka Balozi John Kijazi aliyefariki siku chache kabla. Siku hizohizo ndipo Stendi ya Magufuli ilipozinduliwa pale Mbezi Luis, na mabasi ya mikoani yakaacha kuingia Ubungo. Barabara ya Kimara hadi Kibaha, kilometa 19.2, ilipanuliwa kuwa ya njia nane. Mabasi ya mwendokasi yalianza Mei 2016 katika Barabara ya Morogoro, na awamu ya tatu ya mradi huo ndiyo inayofuata Barabara ya Nyerere hadi Gongo la Mboto.

Lakini daraja la juu haliondoi taa. Pale TAZARA, gari linalokwenda moja kwa moja na Barabara ya Nyerere linapita juu. Linalotaka kukata kwenda Buguruni au Temeke linabaki chini, na huko chini bado kuna mataa. Wakazi wa Dar walikuwa wakiita Ubungo "Ubungo Mataa" na jina limewabaki wengi mdomoni mpaka leo. Katika jiji ambalo sensa ya 2022 ililihesabia watu 5,383,728, haiwezekani kila makutano kuwa na daraja. Mengi yatabaki na taa, kwa hiyo ubora wa taa zenyewe ni jambo kubwa.

Taa ya zamani ni kipofu

Taa za umeme ziliwekwa Cleveland, Marekani, mwaka 1914. Kabla ya hapo London iliwahi kuweka taa ya gesi mbele ya Bunge lao mwaka 1868, ikalipuka baada ya muda mfupi na kumjeruhi askari aliyekuwa akiiendesha. Kwa hiyo hata askari kusimama kwenye taa si uvumbuzi wetu.

Taa za kizamani hufanya kazi kwa saa. Ndani ya kabati la chuma lililosimama pembeni mwa makutano kuna mtambo uliopangiwa: upande huu sekunde 30, ule 40, basi. Hauoni. Saa sita usiku utazuia gari moja mbele ya barabara tupu, na saa kumi na mbili asubuhi utatoa kijani kwa upande ambao hauna hata bajaji.

Taa ya kisasa hupewa macho. Njia ya zamani na imara ni waya unaozungushwa chini ya lami. Gari likisimama juu yake, chuma chake hubadilisha mkondo mdogo wa umeme uliomo na mtambo unajua kuna gari. Njia nyingine ni kamera au rada juu ya nguzo. Mtambo ukishajua upande upi una foleni, huongeza kijani pale na kupunguza kwingine. Hatua inayofuata ni kuunganisha makutano kadhaa yajuane, ili gari lililoruhusiwa hapa lisikute nyekundu mita 400 mbele. Miji mingine inakwenda mbali zaidi na kuwa na chumba kimoja ambamo wahandisi wanaangalia makutano yote kwa pamoja. Kampala imejenga kituo cha namna hiyo kwa msaada wa Japani kupitia JICA. Kinshasa nayo ilijulikana dunia nzima mwaka 2013 kwa kuweka maroboti marefu yenye umbo la mtu, yanayotumia umeme wa jua na kunyanyua mikono kama askari. Watu walicheka, lakini madereva walisimama.

Kwa nini trafiki bado anasimama pale

Hili ndilo watu hulizungumza sana kwenye daladala: taa zinawaka, na bado askari wa usalama barabarani anaita kwa mkono, wakati mwingine dakika tano upande mmoja. Kisheria yuko sahihi, kwa sababu ishara ya askari iko juu ya taa. Na mara nyingi ana sababu. Taa kipofu inaruhusu magari yaingie katikati wakati mbele kumeshajaa, na yeye anaona hilo. Hatuoni haki kumlaumu kwa kufanya kazi ambayo mtambo umeshindwa.

Lakini tuhesabu kidogo, maana hesabu yake ni rahisi na inaeleza mengi. Foleni inapoachiwa, gari moja hupita mstari kila sekunde 2 hivi kwa kila njia. Kila taa inapobadilika, kama sekunde 4 hupotea: madereva wanaondoka polepole, kisha makutano yanahitaji kusafishika. Askari anayetoa dakika tano kila upande anaokoa sekunde hizo, na hapo ameshinda. Sasa tazama anachopoteza. Makutano yana pande nne. Ukipewa dakika tano, utasubiri wengine watatu, yaani dakika 15. Tuseme kwenye njia yako linafika gari moja kila sekunde 10. Kwa dakika 15 yamejipanga magari 90, na kila moja pamoja na nafasi yake huchukua kama mita 7. Hiyo ni foleni ya mita 630. Taa ikizunguka kwa dakika mbili tu, ungesubiri kama sekunde 90 na foleni ingekuwa ya magari 9, mita 63.

Foleni ya mita 63 inakaa mahali pake. Ile ya mita 630 inafika makutano ya nyuma na kuyaziba, na askari wa kule naye analazimika kuita kwa mkono. Ndivyo jiji zima linavyojifunga kutoka kona moja. Mwingereza F. V. Webster aliandika kanuni ya kupanga muda wa taa tangu mwaka 1958, na wahandisi bado wanaanzia hapo: mzunguko mfupi mno unapoteza muda kwa kubadilika, mrefu mno unazaa foleni.

Anayevuka kwa miguu

Sisi tunaona hapa ndipo miradi mingi hupimwa vibaya. Magari huhesabiwa, watu hawahesabiwi.

Fikiria barabara ya njia nane kama hii ya Kimara hadi Kibaha. Njia moja ina upana wa mita 3.5 hivi, kwa hiyo njia nane ni mita 28 bila kuhesabu sehemu ya katikati. Mtu mzima mwenye afya hutembea mita 1.2 kwa sekunde, basi anahitaji sekunde 23 au 24 kumaliza. Mama mwenye ndoo ya dagaa kichwani na mtoto mkononi, au mzee wa miaka 70, huenda pengine mita 0.8 kwa sekunde. Huyo anataka sekunde 35. Kivuko kikimpa sekunde 15 atabaki katikati, nyekundu imeshawaka kwake na mabasi yameanza kuunguruma.

Barabara ikipanuliwa, safari ya gari inafupika na safari ya mtu anayekwenda ng'ambo kununua chumvi inarefuka. Sheria inaweka mwendo wa kilometa 50 kwa saa kwenye makazi ya watu, lakini barabara pana humshawishi dereva. Kwa hiyo mtu akikuambia taa za kisasa zimewekwa mahali, uliza kama zina kitufe cha waenda kwa miguu, kama kitufe kinafanya kazi, na kama muda wake umepangwa kwa mwendo wa bibi yako.

Baada ya kukata utepe

Mradi wa taa hauishi siku nguzo zinapowaka, kwa sababu siku hiyo mitambo inakuwa bado haijaijua barabara. Wahandisi wanatakiwa kuhesabu magari na watu, kupanga muda wa asubuhi, mchana, jioni na usiku, kisha kurudi baada ya wiki chache kurekebisha. Barabara nayo inabadilika. Stendi ilipohamia Mbezi, magari yalibadili njia, na mpango wa muda uliokuwa mzuri Ubungo kabla ya hapo haukuwa na maana tena.

Halafu kuna umeme. Taa za LED zimesaidia sana hapa: balbu ya zamani ya taa hizi ilikula wati 100 au zaidi, LED inatosheka na chini ya 20. Ndiyo maana sasa betri au paneli ya jua inaweza kuziendesha umeme unapokatika. Lakini betri ina umri wake, na betri na nyaya za shaba zina wenyewe wanaozipitia usiku. Fuso nalo likikosea kona linalala na nguzo. Bila fungu la vipuri na fundi anayelijua kabati lile, taa ya kisasa inarudi kuwa kipofu kama mama yake, na trafiki anarudi barabarani.

Ukizikuta zimezimika

Taa zikizimika kabisa makutano hayana mwenyewe. Punguza mwendo hadi uweze kusimama, mfuate askari kama yupo, na usimfuate wa mbele yako kwa kumwamini tu. Njano iliyotulia maana yake simama, isipokuwa umeshafika karibu kiasi kwamba kusimama ghafla ni hatari zaidi. Wenzetu wa bodaboda, kupenya hadi mbele ya mstari kunawaweka juu ya kivuko cha watu. Simameni nyuma ya mstari.

Kwa anayetaka kutoa taarifa: Barabara ya Morogoro na ile ya Nyerere kuja Pugu ziko chini ya TANROADS, na kila mkoa una ofisi ya meneja wake. Kwa upande wa Pwani ofisi hiyo iko Kibaha, ila taa zilizo ndani ya Dar es Salaam ni za meneja wa Dar es Salaam. Barabara za mitaa na za vijijini ni za TARURA. Unapopiga simu au kufika ofisini, taja jina la makutano, upande ambao taa yake haiwaki na saa uliyoiona. Kama taa inawaka lakini muda wa kuvuka hautoshi, hiyo nayo ni hitilafu, iripoti vilevile. Hesabu sekunde ukiwa pembeni, ziandike kwenye simu, na ueleze ulimwona nani akikwama katikati.