Unyapara wa Kiwanda cha Barafu

Katika miaka ya 1970 filamu za Hong Kong zilienea Tanzania, na jina la Bruce Lee likawa midomoni mwa vijana. Aghalabu zilisifiwa kwa ngumi na mateke. Sifa hiyo si ya uwongo, ila ni pungufu. Kwani The Big Boss ya mwaka 1971, iliyoongozwa na Lo Wei, kwanza ni hadithi ya uhalifu, na uhalifu wenyewe umefichwa mahali pa kazi.

Kijana Cheng ahamia Thailand kutafuta riziki, naye amekwisha kula kiapo cha kutopigana. Apata kazi katika kiwanda cha barafu, ambamo dawa za kulevya hugandishwa ndani ya mabonge. Wafanyakazi wawili waigundua siri, wakataa fedha za kuwafunga midomo, nao wauawa. Wenzao wakienda kuuliza habari zao, hawarudi. Wafanyakazi wakichafuka, wakuu wa kiwanda watumia hila iliyo kali kuliko kisu: wamfanya Cheng mnyapara, wamwalika karamuni, wamnywesha pombe. Kijana ajivuna, na jamaa zake wamtazama kwa uchungu. Uzito wa filamu uko hapo. Mapigano ya mwisho ni deni linalolipwa kwa kuchelewa.

Mtazamaji wa Bukoba au Muleba hahitaji mkalimani kwa sehemu hiyo. Nchi ya kahawa inaijua butura: mkulima aliyebanwa na karo au ugonjwa huuza kahawa yake ingali ua mtini, kwa bei ya mnunuzi, na wakati wa mavuno hana sauti juu ya jasho lake. Butura ilipigwa marufuku, lakini amri peke yake haikuikomesha, kwa sababu mnunuzi hufika na fedha mkononi siku ile ile ya dhiki, tena kwa maneno matamu.

Mwaka 1967 Lung Kong alikuwa amekwisha kutoa, kwa Kikantoni, The Story of a Discharged Prisoner, kisa cha mfungwa aliyefunguliwa ambaye mkuu wa genge hamwachi apate kazi ya halali. John Woo alipoitumia kutengeneza A Better Tomorrow mwaka 1986, risasi ziliongezeka, na shida ya kazi ikapungua. Cheng hakupata hata faraja hiyo ya bunduki. Amwua tajiri kwa mikono yake, kisha ajitoa kwa polisi, na jamaa zake karibu wote wamekwisha kufa.