Jahazi la Songoro

Zanzibar inayo nyumba ya Livingstone, jengo la Sultani Majid alimokaa daktari huyo mwaka 1866 akijiandaa kuingia bara. Tabora inalo tembe lake la Kwihara. Anayeshuka melini Nansio, kisiwani Ukerewe, akiulizia nyumba ya namna hiyo atabahatika kuonyeshwa kasri la Bukindo, ila hilo ni la watemi wa karne iliyopita. Wanamaji waliowahi kukaa Ukerewe walilala kwenye nyumba za miti na nyasi, na nyasi hazingoji miaka 150.

Wa kwanza kutajwa huwa ni mpelelezi Stanley. Mwaka 1875 alilizunguka Ziwa Nyanza kwa Lady Alice, mashua iliyobebwa vipande vipande kutoka pwani, akarejea Kageye alikoanzia baada ya siku 57. Kisha akavuka kwenda kwa Mtemi Lukonge wa Ukerewe kuomba mitumbwi, maana msafara wake haukuenea katika mashua moja. Akapewa, akaondoka. Huyo alikuwa mgeni tu.

Mkazi alikuwa Songoro, mfanyabiashara kutoka pwani aliyekuwa akiunda jahazi kisiwani. Hebu ifikirie kazi yenyewe: magogo yakatwe kwenye misitu ya mtemi, yapasuliwe mbao, mkuku ulazwe ufukweni, mataruma yasimamishwe, nyufa zitiwe kalafati, na bahari yenyewe iko mbali, mwendo wa miezi kwa miguu.

Mwaka 1877 wakaja Luteni Shergold Smith, aliyewahi kuwa mwanamaji wa Uingereza, na Thomas O'Neill, wote wa misheni ya Kianglikana ya CMS. Wakalinunua jahazi la Songoro. Lukonge akang'aka: mbao hazijalipwa, chombo hakiondoki. Desemba hiyo ugomvi ukawa vita. Songoro akakimbilia kwa Wazungu, na wote watatu wakauawa.

Wamisionari wale wawili huitwa mashahidi wa imani. Songoro, akitajwa, hutajwa kama chanzo cha balaa. Mimi sioni haki hapo. Deni lilikuwa lake, sawa, lakini ndiye aliyegeuza miti ya Ukerewe kuwa jahazi, wakati wale wawili walikuja na mashua iliyoundwa Ulaya.

Mwaka uliofuata vita hivyo, mmisionari mwenzao Alexander Mackay alikwenda kwa Lukonge, akapokewa, akaondoka salama. Mtemi naye aliendelea kutawala mpaka Wajerumani walipomwondoa mwaka 1895.