Kifaransa kwa Watoto Wadogo: Funzo la Saint-Lambert

Imani kwamba mtoto mdogo hujifunza lugha ya kigeni kwa wepesi kuliko mtu mzima ni ya tangu zamani, na aghalabu huungwa mkono kwa methali isemayo samaki mkunje angali mbichi. Hata hivyo, historia ya kufundisha Kifaransa katika karne ya 20 yaonyesha kwamba umri peke yake hauleti faida zinazotarajiwa. Mifano mitatu, ya Kanada, Uingereza na Afrika Magharibi, yatosha kulithibitisha jambo hili.

Saint-Lambert ni mji mdogo katika jimbo la Quebec, ng'ambo ya mto Saint Lawrence, mkabala wa Montreal. Wakazi wa jimbo hilo walio wengi husema Kifaransa, lakini hadi miaka ya 1960 Kiingereza ndicho kilichotawala biashara kubwa. Mabadiliko ya kisiasa ya miaka hiyo yalipoanza kukiinua Kifaransa, wazazi wasemao Kiingereza walitambua kwamba watoto wao, licha ya kufundishwa Kifaransa kama somo kwa miaka mingi, hawakuweza kuzungumza na majirani zao. Mwaka 1963 baadhi ya wazazi hao waliungana kudai mafunzo ya namna nyingine. Walipata ushauri wa Wilder Penfield, bingwa wa upasuaji wa ubongo, aliyeshikilia kwamba miaka kama kumi ya kwanza ndiyo ifaayo zaidi kwa kujifunza lugha. Vilevile walisaidiwa na Wallace Lambert, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha McGill. Mwaka 1962 Lambert na Elizabeth Peal walikuwa wamechapisha utafiti uliopinga dhana kwamba lugha mbili hudumaza akili ya mtoto.

Septemba 1965 darasa la kwanza la majaribio lilifunguliwa. Watoto wa chekechea na wa darasa la kwanza walifundishwa kwa Kifaransa tu; masomo ya Kiingereza yalianza katika darasa la pili, kisha yakaongezwa hatua kwa hatua. Lambert na Richard Tucker walifuatilia maendeleo yao na kuchapisha matokeo mwaka 1972. Mwanzoni watoto hao walikuwa nyuma katika kusoma na kuandika Kiingereza, lakini baada ya kukianza darasani waliwafikia wenzao. Hesabu walizofundishwa kwa Kifaransa waliweza kuzifanya kwa Kiingereza bila kupungukiwa. Ufahamu wao wa Kifaransa ulikaribia ule wa wenyeji wa lugha. Hata hivyo, tafiti za baadaye juu ya madarasa ya aina hiyo zimeonyesha kwamba usemaji wa wanafunzi hubaki na makosa ya sarufi, hasa kwa kuwa nje ya darasa hawakitumii Kifaransa sana.

Uingereza ilifuata njia nyingine. Kuanzia mwaka 1964 watoto wa miaka minane katika shule teule walifundishwa Kifaransa kama somo, kwa vipindi vifupi. Ripoti ya Clare Burstall ya mwaka 1974 ilieleza kwamba, walipofika umri wa miaka 16, watoto hao hawakuwazidi sana wenzao walioanza wakiwa na miaka 11, isipokuwa katika kusikiliza na kufahamu. Walianza mapema, lakini lugha haikupewa kazi ya kutosha.

Afrika Magharibi chini ya Ufaransa ilikuwa na umri mdogo na kazi nyingi pia, kwani Kifaransa kilikuwa lugha ya kufundishia tangu mwanzo. Mkutano wa Brazzaville wa mwaka 1944 ulisisitiza kwamba lugha za wenyeji zisitumiwe kamwe katika kufundishia. Katika shule nyingi mtoto aliyenaswa akisema lugha ya kwao alibebeshwa kitu cha kumwaibisha, hata atakapomnasa mwenziwe na kumpokeza.

Kwa sura ya nje, utaratibu huo wafanana na ule wa Saint-Lambert, kwa kuwa watoto wote hao waliingia shuleni wakakuta lugha isiyo ya nyumbani. Tofauti imo katika hadhi ya lugha ya kwanza. Mtoto wa Saint-Lambert alijua kwamba Kiingereza chake kilimngoja katika darasa la pili, vitabuni, na kazini atakapokua. Mtoto wa Dakar au Bamako hakuahidiwa hayo kwa Kiwolofu wala Kibambara. Lambert mwenyewe, katika miaka ya 1970, alitenga lugha ya pili inayoongeza na ile inayopunguza, akionya kwamba mafanikio ya Saint-Lambert yasihamishiwe kwa watoto ambao lugha yao imedunishwa.

Hivyo basi, faida za kumwanzisha mtoto Kifaransa mapema ni za kweli, ila zina masharti. Lugha hiyo ipewe kazi ya kweli darasani, na lugha ya nyumbani isomwe, iandikwe na kuheshimiwa. Sharti la kwanza lisipotimizwa, mtoto hupata machache. La pili lisipotimizwa, hupoteza alichokuja nacho.