Upambanuzi wa Hitilafu za Gari

Katika gereji za Sumbawanga, kama kwingineko Tanzania, "dayagnosisi" limekuwa jina la mashine. Mwenye gari anaambiwa, "Lete tulipige dayagnosisi." Chombo kidogo kinachomekwa chini ya usukani, folti zinasomwa, zinafutwa, taa ya cheki injini inazimika, hela inalipwa. Gari linaondoka kuelekea Tunduma, na kabla halijapita Laela taa imewaka tena. "Fundi, ile taa imerudi." Fundi naye anajibu kuwa mashine ilionyesha sensa, basi sensa inunuliwe. Kosa hili, kwa maoni yangu, linaanzia kwenye jina: kazi ya mtu imepewa chombo.

Asili ya neno hilo ni Kigiriki, na maana yake ya kwanza ni kujua kwa kutenganisha. Hospitalini tumezoea kusema utambuzi wa ugonjwa, na wapo wanaotumia uaguzi. Uaguzi unabeba ramli ndani yake, na ramli ndiyo hasa tunayotaka itoke gereji. Utambuzi unakaribia, lakini haujafika: ukimwona jirani sokoni unamtambua mara moja, hakuna cha kuchunguza. Mimi napendekeza upambanuzi. Kupambanua ni kuvitenga vitu vinavyofanana mpaka kila kimoja kisimame peke yake, na hitilafu za gari ziko hivyo: nyingi, zenye dalili moja.

Tuchukue msimbo P0171. Herufi P ni ya injini na gia. B ni bodi, C ni chasisi pamoja na breki, U ni mawasiliano kati ya kontroli boksi moja na nyingine. Sifuri inayofuata inasema msimbo huu ni wa pamoja kwa watengenezaji wote. Ujumbe wake ni mmoja tu: kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, imeona hewa imezidi na petroli imepungua. Haijasema kwa nini. Huenda mpira wa hewa umepasuka baada ya sensa inayopima hewa, injini ikavuta hewa ambayo haikuhesabiwa. Huenda sensa hiyo imeshika vumbi. Huenda pampu ya mafuta imechoka au chujio limeziba. Huenda ekzosti inavujia juu ya sensa ya oksijeni. Mara nyingi inayong'olewa ni hiyo sensa ya oksijeni, iliyotoa taarifa ya kweli.

Fundi anayepambanua haishii kwenye msimbo. Anafungua data za papo kwa papo na kutazama kompyuta inaongeza petroli kiasi gani injini ikinguruma bila kukanyagwa, kisha anakanyaga hadi mizunguko 2,500 kwa dakika na kutazama tena. Nyongeza ikiwa kubwa pale mwanzo na ikashuka anapokanyaga, atafute mpira unaovuja. Ikizidi kadiri injini inavyopewa kazi, aende kwenye pampu, chujio au sensa ya hewa. Mashine ni ileile, ila safari hii imeulizwa swali.

Na Ufipa, nyanda za juu zenye mji wa Sumbawanga, ina maswali yake. Mji wa Sumbawanga uko kwenye mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Washa swichi bila kuwasha injini, kisha soma sensa ya shinikizo la hewa: Dar es Salaam itakupa takribani kilopaskali 101, Sumbawanga itakupa kama 82. Sensa ni nzima. Hewa ya juu ndiyo nyepesi. Teremka Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko mita 773 hivi, utasoma kama 92 kwa sensa ileile. Fundi aliyejifunzia pwani na kukariri 101 anaweza kuitupa sensa nzuri, na mteja akanunua nyingine itakayosoma 82 vilevile. Kwa hiyo napenda kila gereji ya mkoa huu iandike namba zake ukutani, zilizopimwa hapohapo kwenye magari yenye afya. Hilo halihitaji mashine ya bei kubwa.

Kufuta nako kuna maana yake. Ukifuta msimbo unafuta pia picha ya hali ya injini ilivyokuwa hitilafu ilipotokea: mwendo, joto, mzigo. Unapoteza ushahidi. Zaidi ya hapo, misimbo mingi ya moshi na mafuta haiwashi taa mara ya kwanza. Kompyuta husubiri kuiona hitilafu katika safari mbili mfululizo. Ndiyo sababu taa huzimika gereji na kurudi njiani, wala si kwamba fundi alidanganya. Hitilafu ikiondoka kweli, taa hujizima yenyewe baada ya safari tatu safi. Kwanza misimbo iandikwe, kisha ifutwe.

Yako pia magari yanayotoka kwenye kipimo yakiwa na taa ambazo hayakuja nazo. Mara nyingi betri imechoka. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Sumbawanga inaidhoofisha betri, na swichi ikikaa wazi kwa muda mrefu wakati wa kupima, umeme unashuka na kontroli boksi kadhaa zinalalamika kwa pamoja. Ukiona misimbo ya U imejaa, pima betri kwanza. Sababu ya pili ni plagi kuchomolewa swichi ikiwa wazi: kila sensa inayokatwa inaandikiwa msimbo, na ya eabegi inaacha taa inayobaki hata baada ya plagi kurudishwa. (Waya za eabegi zisipimwe kwa mita ya kawaida; unaweza kuilipua.) Kwenye baadhi ya Toyota, taa ya VSC (mfumo wa kuzuia gari kuteleza) hubaki imewaka kwa sababu kumbukumbu ya nukta sifuri ya sensa zake imefutwa, na sensa hizo haziwezi kufundishwa upya mpaka gari lisimame mahali tambarare kabisa. Taa ya ABS wakati wa masika, kwa gari lililotoka barabara ya udongo, ianze kuchunguzwa kwenye tope la magurudumu.

Wakati mwingine mashine haisomi chochote. Marekani ililazimisha mfumo mmoja wa kusoma misimbo kwa magari yote madogo mapya mwaka 1996, na Ulaya ikafuata kwa ya petroli mwaka 2001. Magari mengi tunayoendesha yalitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, na ya zamani kati yake yana tundu la pini 16 lakini hayazungumzi lugha hiyo. Chombo cha bei nafuu kikinyamaza, gari halijathibitika kuwa zima.

Taa nyekundu ya oili haisubiri mashine yoyote: simama, zima injini. Taa ya injini ikiwa inapepesa, injini inamisi kiasi cha kuunguza masega ya ekzosti, punguza mwendo.

Chombo chenyewe nakiita kisomamisimbo, kwa kuwa ndicho kifanyacho. Kwenye risiti ningetaka kuona mistari miwili: kusoma misimbo, bei yake ndogo, na misimbo yote imeandikwa; kisha upambanuzi, bei yake kubwa zaidi, pamoja na vipimo vilivyofanywa na kifaa kilichothibitika kuwa kibovu. Mteja asiyeona mstari wa pili ana haki ya kukataa kununua sensa.