Parasetamoli ikizidi mwilini, saa nane za kwanza ndizo za kuokoa ini

DAWA ya parasetamoli, ambayo wengi huiita panadol hata inapotengenezwa na kampuni nyingine, ni salama ikitumiwa kwa kipimo. Ikizidi kipimo huharibu ini na inaweza kuua, ingawa dawa ya kuzuia madhara hayo ipo.

Kwa kawaida mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Wapo wanaovuka kiwango hicho bila kukusudia, kwa kumeza vidonge hivyo pamoja na dawa za mafua ambazo nazo zina parasetamoli.

Ini hugeuza sehemu ndogo ya dawa hiyo kuwa sumu, na sumu hiyo huondolewa na kemikali ya mwili iitwayo glutathioni. Dozi ikiwa kubwa mno, akiba ya glutathioni huisha, na sumu huanza kuua seli za ini.

Madhara hayo hayaonekani mapema. Siku ya kwanza mgonjwa huweza kusikia kichefuchefu tu, au asisikie chochote. Maumivu ya tumbo chini ya mbavu za kulia huanza baadaye, kisha macho huwa ya manjano na mgonjwa huchanganyikiwa. Wakati huo ini limekwisha kuumia.

Hospitalini, aliyewahi mapema sana, hasa ndani ya saa moja, huweza kupewa mkaa maalumu unaonasa dawa tumboni. Kuanzia saa nne baada ya kumeza, damu hupimwa na kiwango hulinganishwa na mchoro uliochapishwa mwaka 1975 na madaktari Barry Rumack na Henry Matthew. Saa ya kumeza isipojulikana, tiba huweza kuanza bila kusubiri.

Tiba yenyewe ni asetilisisteini, iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hutolewa kwa dripu au kwa kunywa, na hurudisha akiba ya glutathioni. Ikianzwa ndani ya saa nane, karibu wagonjwa wote huepuka madhara makubwa ya ini. Baada ya hapo bado husaidia, lakini kinga yake hupungua.

Kwa hiyo aliyezidisha apelekwe hospitali mara moja, hata akijiona mzima, pamoja na pakiti ya dawa. Asitapishwe nyumbani. Aliyemeza kwa kukusudia asiachwe peke yake wala asikaripiwe. Naye anahitaji tiba ya ini na ushauri nasaha pia.