Karatasi za Watunzi Wetu

Watu wengi hudhani kwamba mtunzi wa mashairi akiisha kupiga chapa kitabu chake, kazi yake yote imehifadhiwa. Sivyo. Nyuma ya kitabu ziko karatasi nyingi: mashairi yaliyofutwa na kuandikwa tena, barua za kujibizana na watunzi wenziwe, na maandishi yasiyopata mpiga chapa. Hizo ndizo zituonyeshazo jinsi mtu alivyofikiri.

Sisi wa Dodoma tunao mfano wa karibu. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Ihumwa, alifariki mwaka 1969. Kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo kilitoka mwaka 1954, na Diwani yake mwaka 1963. Tena ndiye aliyeeneza ngonjera, yaani mashairi ya kujibizana mbele ya watu, ambayo watoto wa shule nchini kote waliyakariri. Lakini kitabu cha kwanza cha Ngonjera za UKUTA kilitoka mwaka 1970, yeye amekwisha kuzikwa. Habari za maisha yake alizoziandika mwenyewe, Maisha ni Kugharimia, zilikaa miaka zaidi ya 40 kabla ya kupigwa chapa mwaka 2013. Kama karatasi zile zingaliliwa na mchwa, leo tusingalimsikia akijisimulia.

Na mchwa wa Ugogo twawajua. Hupanda ukutani usiku mmoja, na asubuhi sanduku limekuwa udongo. Masika dari la tembe huvuja. Panya nao hawachoki. Hata hivyo adui mkubwa kupita hao ni sisi wenyewe. Mzee akiisha kufa, vyombo hugawanywa, ng'ombe huhesabiwa, bali karatasi hazina mrithi. Hupelekwa sokoni kufungia karanga.

Tutazame mambo yaliyotukia pwani. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu na mwaka 1840. Mashairi yake yangalipotea kama Mwalimu Sikujua asingaliyakusanya kwa watu waliokuwa wakiyakumbuka. Mmisionari W. E. Taylor aliyapokea na kuyaandika. Na mwaka 1940 W. Hichens akayatoa kitabuni huko Johannesburg. Karatasi za Taylor zimewekwa London. Twashukuru kwamba zimepona. Lakini zamani mtoto wa Mombasa aliyetaka kuziona hakuwa na budi ila kuvuka bahari. Baadaye J. W. T. Allen alikusanya hati za Kiswahili na kuziweka katika maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ikapigwa chapa mwaka 1970. Basi twaona kwamba yawezekana hati kutunzwa papa hapa nchini.

Yatupasa nini? Kwanza, mtunzi angali hai, tumwulize karatasi zake ziko wapi, na nani atazirithi. Pili, zisilazwe chini. Ziwekwe juu, katika sanduku la bati, mbali na ukuta. Tatu, kila karatasi iandikwe jina na mwaka, maana hati isiyo na jina ni yatima. Nne, jamaa wasiotaka kuzitoa wasilazimishwe. Wakubali tu zipigwe picha, na nakala ipelekwe maktabani.

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Yahitaji mtu mmoja katika kila kijiji ajuaye kwamba karatasi kuukuu si takataka. Mtu huyo na awe mwalimu.