Kwa Nini Sanamu Hufunikwa?

 

Ukiingia kanisa Katoliki siku chache kabla ya Pasaka, pengine utaona msalaba na sanamu zimefunikwa kwa kitambaa cha zambarau. Usidhani ni kuzikinga na vumbi. Zamani, Jumapili ya tano ya Kwaresima, ilisomwa Injili ya Yohana, mahali Yesu anapojificha ili asipigwe mawe. Sanamu nazo zikafichwa.

Huko Ujerumani ya kale, altare yenyewe ilifichwa nyuma ya pazia kubwa muda wote wa Kwaresima. Watu waliliita kitambaa cha njaa. Tumbo lilifunga kula, na macho yalifunga kuona.

Mjini Zittau lipo hata leo pazia la mwaka 1472. Lina mita 8.20 kwa 6.80, na picha 90 za Biblia. Wasiojua kusoma walijifunza kwa picha hizo. Mwaka 1945 askari walilikata vipande, wakavitumia katika bafu la mvuke. Vipande viliokotwa, na miaka ya 1990 vikaungwa tena.

Siku hizi maaskofu wa kila nchi huamua kama desturi hii ifuatwe. Inapofuatwa, msalaba hufunuliwa Ijumaa Kuu, na sanamu kabla ya Kesha la Pasaka.

Maana yake ni hii: kitu cha kila siku macho hukizoea, kikifichwa, moyo hukitafuta.

Sasa andika: ni kitu gani wewe ulikithamini baada ya kukikosa?